Mtoto wa Sizoni ya Pili

Binti yetu alifariki wakati wa masika, kwa homa ya mapafu. Alikuwa na miaka sita. Tulimzika Mbeya, kwa kuwa mimi na mke wangu sote ni wa kule. Sumbawanga tulikuja kikazi, mimi ofisi ya kilimo, yeye mwalimu wa shule ya msingi. Matanga yalipoisha tukapanda basi, tukarudi kwenye nyumba yetu ya kupanga.

Hatukugombana. Afadhali tungegombana. Tulikula ugali kimya, tukaoga, tukalala. Majirani nao hawakujua wamwite nani mke wangu. Miaka yote alikuwa akiitwa mama fulani, kwa jina la mtoto. Sasa wengine walimwita "mwalimu", na wengine walilianza lile jina la zamani wakalikata katikati, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

Mfanyakazi mwenzangu ndiye aliyenipa flashi. "Kaangalieni hii, bwana," alisema. "Angalau jioni zitasogea."

Ilikuwa sizoni ya viumbe wanaoshuka kutoka angani na kuivamia dunia, iliyotafsiriwa, ile ya sauti ya mwanamume mmoja anayesema maneno ya watu wote, wake kwa waume. Si vitu tulivyovipenda. Lakini kipupwe kilikuwa kimeingia, na upepo wa Ufipa ukivuma mtu hana pa kwenda. Tulifunga milango mapema, tukajifunika blanketi moja, tukatazama miji ya watu ikiungua.

Kosa la kwanza alilikamata yeye. Askari alijeruhiwa mkono wa kushoto, akafungwa bandeji. Alipotoka mlangoni, bandeji iko mkono wa kulia.

"Umeona?" aliniuliza.

"Nini?"

"Kidonda kimehama."

Nilirudisha nyuma, tukatazama tena. Kweli kilikuwa kimehama. Mke wangu alicheka, kicheko kifupi, na mimi nikageuza uso ili asione nilivyoshtuka kukisikia.

Tangu hapo tukawa tunawinda makosa. Daraja lililolipuliwa juzi, leo magari yanapita juu yake. Kiumbe aliyekatwa mguu anakimbia. Mzee mmoja aliyekufa na kuzikwa tukamwona nyuma ya umati, amevaa kofia yake ileile, anakimbia na wenzake. "Huyu kafufuka," nikasema, na mke wangu akasema, "Mbona wengine hawafufuki?" Hapo hatukucheka.

Katikati ya hadithi kulikuwa na familia moja: baba, mama na binti yao, mwembamba, mwenye pengo la meno ya mbele. Kila akitokea yule mtoto, mke wangu aliinua mgongo kutoka kwenye kochi. Alikuwa haogopi viumbe. Aliogopa mtoto asiumie. Sizoni ya kwanza iliisha mama amempakata kwenye kifusi, yu hai. Kesho yake nilikwenda kwenye kibanda cha filamu karibu na stendi, nikajaziwa ya pili kwenye flashi.

Ilianza na ile familia wanakula. Mama akamwita mtoto. Akaja mtoto mwingine. Sura nyingine, nywele nyingine, meno yote yapo. Mama akamkumbatia, akambusu.

"Mtoto wao yuko wapi?" mke wangu aliuliza.

"Ndiye huyo."

"Siye."

"Watakuwa wamebadilisha mwigizaji."

"Na hawasemi chochote?"

Tulingoja. Hata mtafsiri, aliyekuwa na tabia ya kueleza kila kitu, alikaa kimya juu ya hilo. Familia iliendelea kula. Mke wangu aliondoa blanketi, akazima televisheni, akabaki amesimama pale mbele yake.

"Mama yako aliniambia hivyohivyo msibani," alisema. "Mkekani, mbele ya wanawake wote. 'Nyamaza mwanangu, bado kijana, utapata mwingine.'"

Mimi nilikuwa nje na wanaume. Nilikuwa sijui.

"Alitaka kukufariji."

"Najua. Ndiyo maana sikumjibu. Na wewe ukarudi kazini, ukawa unakuja hapa unauliza chakula, kama vile hakuna mtu aliyepungua."

Nilimwambia ukweli: ofisini ndipo mahali pekee ambapo sikuwahi kumwona mtoto amekaa. Kisha akaketi sakafuni, nami nikaketi, tukalia pamoja kwa mara ya kwanza tangu makaburini. Ile sizoni hatukuimalizia.

Mwaka uliofuata alishika mimba. Ilipokaribia siku yake, mama yangu alipiga simu. "Akiwa wa kike, mpeni jina la dada yake. Jina lisipotee."

"Hapana, mama," nilisema. "Lile lina mwenyewe."

Akakata simu. Alipozaliwa mtoto, wa kike kweli, mama hakuja kumwona. Mpaka leo tukienda Mbeya ananipokea kwa marahaba na chai, na mjukuu hampakati.

Kliniki ya kwanza nilimsindikiza mke wangu. Nesi, dada mchangamfu wa Kifipa, alimpima mtoto uzito akauliza, "Huyu uzao wa ngapi?"

"Wa pili."

"Hongera. Wa kwanza atakuwa shule sasa, eeh?"

"Alifariki," mke wangu alisema, akataja jina lake lote, taratibu, na la ukoo wangu juu yake. Nesi akaacha kuandika. "Pole, mama," alisema. Kisha akatuelekeza kwenye benchi, tukangoje chanjo.