Palizi ya Mama Agar

Mama Agar alikuwa mfupi, na kila aliyemdharau kwa ufupi wake alijuta. Mimi Malachie, karani wa kanisa letu la Kimetodisti hapa Kamina, nalijua hilo vizuri: alinifokea mara mbili ofisini mwangu mwenyewe.

Mwaka 1999 vita vilikuwa vimekaza, treni zilikuwa adimu na mahindi yalikosa njia ya kufika sokoni. Diamba, bangi yetu, ilikuwa na njia yake. Ilianzia upande wa Kabongo ikashuka hadi Luena, shamba kwa shamba, maana wenye bunduki waliinunua na kuibeba wenyewe. Siwalaumu wakulima, mwenye njaa hana miiko. Ila diamba ikishaota shambani, bunduki zilikuja kuilinda na mwenye shamba akafukuzwa. Jirani wa Agar, Mzee Nahum, alipoteza shamba lake hivyo hivyo.

Agar alikuwa mjane mwenye wajukuu watatu, na shamba lake ndilo lililowalisha. Alikaa Kabongo miezi miwili akimwuguza dada yake. Aliporudi alikuta diamba imefika magotini, imefichwa kati ya mistari ya mahindi. Hakuuliza nani kaipanda. Shemeji yake Kapenda, aliyeachiwa ulinzi, alikuwa na viatu vipya.

Kuing'oa kimyakimya hakuruhusiwi. Kwetu mmea aliopanda mtu haung'olewi, hata kama uko shambani mwako, labda aliyeupanda aukane. Agar alilia siku nzima. Nikamshauri avumilie. Akaniita mwoga, na hakukosea.

Jumamosi alitengeneza munkoyo, kinywaji kitamu cha mahindi wanachopewa walioitwa kulima. Akawaita wanawake arobaini wa kanisa, pamoja na chifu.

"Bamama," akasema, "mu hii shamba minyi nilipanda mahindi na muhogo tu. Ingine yote iko majani."

Majembe yakaanza, na nyimbo. Kapenda akaja mbio.

"Shemeji! Munaharibu kintu ya bantu!"

"Ya nani? Weye njo ulipanda? Sema, chifu iko hapa anasikia."

Kapenda akamtazama chifu, akawatazama wale wanawake, kisha akatazama viatu vyake.

"Hapana. Haiko yangu."

"Basi, kamata jembe."

Akalima mpaka saa sita mchana, na viatu vile vile. Diamba yote ikachomwa palepale, wanawake wakipiga vigelegele. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Wanunuzi walipofika walikuta mahindi matupu. Wakamwulizia Kapenda, naye alikuwa ameshapanda baiskeli kuelekea Sanga. Wakaondoka mikono mitupu.

Mavuno yalipofika, Agar aliingia ofisini bila kubisha hodi, akaniwekea mezani kikapu cha mahindi ya kuchoma.

"Kula, mwoga," akasema.

Nikala yote. Msimu uliofuata, wenye bunduki walipoliacha shamba lake, Mzee Nahum naye alitengeneza munkoyo, na mtu wa kwanza kufika na jembe nilikuwa mimi.