Mama Anakwenda Hoi An

Mama alinipa habari hiyo mezani, akichambua maharage, siku yangu ya mapumziko, mwaka 2015 ukielekea mwisho.

"Mwezi wa pili naenda kwa mama jirani," alisema.

"Sawa," nikajibu. Jirani huyo nyumba yake imepakana na yetu. Mama alikuwa akienda kwake kila siku, na sikuona sababu ya kunitangazia mapema hivyo.

"Si kwake," mama akasema. "Kwao."

"Kwao wapi?"

"Kwao. Kule alikozaliwa. Iko mbali. Banasema unapanda ndege, unashuka, unapanda ingine, unashuka, unapanda ingine."

Nilizima jiko, nikaketi.

Tunaishi Beechmont, kusini mwa Louisville, mtaa ambao kila nyumba imetoka nchi yake. Jirani yetu ametoka Vietnam, mji unaoitwa Hoi An, kwenye mlango wa mto, karibu na bahari. Ni mjane wa miaka sabini na kitu, mfupi, anayevaa soksi nene hata wakati wa joto. Yeye na mama hawana lugha moja. Mama anasema Kibembe na Kiswahili cha kwetu Fizi, pamoja na Kiingereza cha mtihani wa uraia. Aliweza kumtaja rais wa kwanza wa Marekani na idadi ya majaji wa mahakama kuu, lakini dukani hakuweza kuomba chumvi. Kiingereza cha jirani kilikuwa cha hospitali na cha kuulizia bei. Maneno waliyoyajua wote wawili hayakuzidi vidole vya mikono.

Urafiki wao ulianza na matembele. Tangu tufike Marekani, mama alikuwa akiamini kwamba watu wa huku wanakula kiazi na kutupa majani, jambo lililomsikitisha kuliko mengine mengi aliyoyaona. Kiangazi cha pili alimwona yule mama, upande wa pili wa uzio, akichuma majani ya viazi vitamu na kuyatia kwenye sufuria. Mama akazunguka uzio bila kubisha hodi. Akanyooshea kidole majani, kisha mdomo wake mwenyewe. Jirani naye akanyooshea wake. Siku za mwanzo waliniita niwatafsirie, halafu wakaona ninawachelewesha.

Jambo kubwa kama safari huamuliwa kwa simu, Jumapili, baada ya ibada. Kaka yetu mkubwa yuko Buffalo, anafanya kazi kiwanda cha milango, na tangu baba afariki yeye ndiye mkubwa wa nyumba, ingawa nyumba yenyewe hayumo. Mdogo wetu wa kike yuko Columbus. Anasomea udongo, na amepanga chumba karibu na chuo kikuu. Mimi ni wa katikati. Naishi na mama na ninafanya kazi ya kutunza wazee. Niliwaunganisha wote wawili kwenye simu, nikawaeleza.

"Nani amekufa huko?" kaka akauliza.

"Hakuna."

"Kuna harusi?"

"Hakuna."

"Bon. Donc, basi, anaenda kufanya nini?"

"Kutembea."

Simu ilinyamaza mpaka mdogo wetu akauliza kama bado tupo.

Ukimya ule una maana yake. Familia yetu imesafiri sana. Tulitoka Fizi tukavuka ziwa hadi Kigoma, tukakaa kambini miaka, kisha tukaletwa Marekani. Kaka alifuata kazi Buffalo, mdogo wetu akafuata shule Columbus. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kwenda mahali ili apaone tu, halafu arudi. Hasa huko kurudi, hatukuwa na uzoefu nako.

"Anaenda kumsindikiza," nikasema. "Jirani hajafika kwao tangu aondoke. Anataka kuona makaburi ya wazazi wake kabla joto la huko halijaanza. Mwanawe alikuwa aende naye, akapasuliwa mgongo. Kwa hiyo amemchagua mama."

"Si kuna Wavietinamu wengine hapo Louisville?" kaka akauliza.

Nami nilikuwa nimemuuliza jirani swali hilohilo. Alinijibu kwamba wale wanaongea sana.

Kaka akaanza kutaja sababu. Mama hajui kusoma. Mama ana presha. Huko wanachoma ubani makaburini, na sisi ni watu wa kanisa. Mama, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, akaja akachukua simu.

"Hao ni wazazi wake," alisema. "Nifike mpaka mlangoni mwao, nisiwasalimie?"

"Na ukipotea, mama?"

"Nikipotea nitakaa chini. Mtu akikaa chini, batu banakuja kumuuliza."

Kaka akasema atakuja mwenyewe tulimalize ana kwa ana.

Mdogo wetu hakungoja limalizike. Likizo ya Krismasi alipanda basi kutoka Columbus, akafika na kompyuta, akamketisha mama mbele ya picha. Alimweleza kwamba Hoi An ni mji wa kale wa biashara, kwamba Wachina na Wajapani walikuwa wakitia nanga pale mamia ya miaka iliyopita, wakajenga, wakaoa, wakazikwa. Mama alitazama kuta za manjano na kamba za taa za karatasi juu ya barabara.

"Taa hizi za nini, na jua linawaka?"

"Ni mapambo, mama."

Halafu akamweleza kuhusu mto. Miaka mingi mto hufurika, maji yakaingia ndani ya nyumba hizo za kale.

"Na wanabaki?"

"Wanabaki. Wanapandisha vitu ghorofani, wanangoja, maji yakishuka wanafua."

Mama aliiangalia ile picha muda mrefu kuliko zote. "Miaka yote hiyo," akasema, "wanapandisha tu vitu juu."

Kuhusu hali ya hewa hakutaka kuelimishwa. Mdogo wetu alimwonyesha kwamba mwezi wa pili kule ni mwisho wa kipupwe, na kwamba kipupwe chao ni kama Aprili ya Louisville. Mama akajibu kwamba hamwamini mtu yeyote kuhusu baridi. Tulipotua Marekani, mwezi wa kwanza, bwana aliyetupokea alituambia mwaka huu si mbaya. Mama akakunja koti lake zito, lile la kufika magotini, akalitia chini kabisa ya sanduku pasiweze kufikiwa kwa urahisi na mtu mwenye ushauri.

Kilichomsumbua ni zawadi. Hakuweza kuingia nyumba ya watu mikono mitupu. Alikwenda kwa jirani kumuuliza ni wanawake wangapi wako kwao. Jirani akahesabu kwa vidole, vidole vikaisha, akaanza upya. Mama alirudi nyumbani amekunja uso, na kesho yake tulikwenda kwa mama mmoja wa Bukavu anayeuza vitenge sebuleni kwake. Tulichagua vya rangi zilizopoa, kwa kuwa jirani alimwonyesha mama picha za dada zake na wote walikuwa wamevaa kahawia.

Kaka alikuja mwisho wa mwezi wa kwanza. Alipitia Columbus akamchukua mdogo wetu, wakaingia Louisville Jumamosi mchana, theluji ikiwa imeanguka tangu asubuhi. Mdogo wetu alininong'oneza mlangoni kwamba njia nzima kutoka Cincinnati kaka alikuwa akifanyia mazoezi hotuba yake, na kwamba ilikuwa na sehemu za Biblia.

Mama alimkumbatia, akamwambia amekonda, halafu akamwambia mlango wa jirani umezibwa na theluji. Ugali ulikuwa bado haujaiva. Kaka anatoka Buffalo. Katika mambo yote ya Marekani, theluji ndiyo anayoijua kuliko yote. Alichukua koleo akaenda.

Ugali uliiva. Ukapoa. Nikatumwa kumtazama.

Nilimkuta jikoni kwa jirani, koti mwilini, bakuli la supu mbele yake. Jirani alikuwa ameweka kijiko mezani kati yao, na ndani ya kijiko punje za mchele. Alikuwa akikisukuma kijiko polepole juu ya meza. Nilidhani ni namna fulani ya kumkaribisha mtu chakula. Halafu akasimamisha kijiko, akatoa punje moja, akaiweka pembeni. Akakisukuma kidogo. Akatoa nyingine, na nyingine. Kijiko kilipofika ukingo wa meza upande wa kaka, akakiachia, akajinyooshea kidole kifuani.

Kaka hakunitazama. Alichukua kijiko chake mwenyewe, akakipangusa kwa kitambaa cha karatasi, akachota mchele. Alikuwa na miaka kumi na mitatu tulipovuka ziwa. Mimi nilikuwa mdogo, ninachokumbuka ni harufu ya petroli na mkono wa mama mgongoni mwangu. Kaka anakumbuka yote, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumsikia akisema hata sentensi moja juu ya mtumbwi ule. Akasukuma kijiko. Katikati ya meza akakisimamisha, akatoa punje mbili, akaziweka pembeni, moja karibu na nyingine. Bibi, na kitinda mimba wetu ambaye mama alikuwa bado anamnyonyesha. Walibaki ziwani.

Jirani akazitazama zile punje mbili. Akaamka, akamwongezea supu.

Nilirudi nyumbani peke yangu nikasema anakuja. Mama akauliza kama theluji ilikuwa nyingi. Nikasema ndiyo.

Kaka aliporudi alinawa mikono, akala ugali baridi bila kulalamika, kisha akauliza sanduku la mama liko wapi. Akalifungua, akalifunga, akalifungua tena.

"Hii zipu haitafika hata Chicago," alisema.

Akatoka na mdogo wetu kwenda kununua sanduku lingine. Hotuba haikutolewa. Mpaka leo sijui ilisemaje.

Waliondoka mwisho wa mwezi wa pili. Mimi ndiye niliyewapeleka. Pale pa ukaguzi, ofisa alitoa kwenye mkoba wa mama kopo la siagi ya karanga aliyoisaga mwenyewe, akasema haiwezi kupita, inahesabiwa kama kimiminika. Nikamtafsiria mama.

"Mwambie ageuze kopo," mama akasema. "Ikimwagika, achukue."

Ofisa hakugeuza. Kopo likabaki kwangu. Wakapita, wakavaa viatu vyao wakiwa wameshikana mabega wasianguke, wakapotea kwenye watu.

Siku zilizofuata nilifanya kazi vibaya. Nilimpa mzee mmoja uji mara mbili. Kisha simu ikalia, namba ndefu nisiyoijua, na sauti ya mama ikaja kana kwamba yuko uani.

"Tumefika. Wamenipa kitanda."

"Mji ukoje, mama?"

"Uko."

"Ni mzuri?"

"Mzuri. Kuna wazungu wengi wanapiga picha nyumba. Na mie wamenipiga."

Akasema jirani anamwita, akakata.

Walirudi katikati ya mwezi wa tatu, wote wawili wamekuwa weusi zaidi. Jirani alilala kiti cha nyuma kabla sijatoka kwenye maegesho. Niliwapigia kaka na mdogo wetu, nikaweka simu juu ya dashibodi wamsikie mama. Mdogo wetu aliuliza habari za mto na bahari. Bahari ina chumvi kweli, mama alisema, alikuwa akidhani watu wanaongeza maneno. Kaka akauliza habari za makaburi.

"Tulikwenda," mama akasema. "Walisafisha, wakaweka maua. Jirani akalia. Na mie nikalia."

"Uliwalilia watu usiowajua?"

"Wao walikuwa na kaburi," mama alisema. "Nikatumia hilo."

Baadaye kaka akauliza, "Na jirani alisema nini?"

"Atasema nini? Alisogea, nikapata nafasi."

Uwanja wa ndege uko karibu sana na Beechmont. Ndege zinatupita juu ya paa. Lakini siku ile niliipita njia yetu ya kutokea, nikaendelea na barabara kuu mpaka nje ya mji kabisa ndipo nikapata pa kugeuzia. Mama aliangalia mashamba yanapita, hakuuliza tunakwenda wapi. Kwenye simu kaka alikuwa bado yupo. Nilikuwa namsikia akipumua.