Kizingiti cha Fundi Fikirini

Saa moja asubuhi Mtaa wa Mchikichi umekwisha kuchangamka, na fundi Fikirini Mketo amepiga magoti mlangoni pake, tindo mkono huu, nyundo mkono ule, anabomoa kazi aliyoijenga mwenyewe.

"Fundi, umegombana na nyumba?" anauliza mpita njia mmoja.

"Nyumba ndiyo imegombana na mke wangu," anajibu bila kuinua kichwa.

Kinachobomolewa ni kizingiti cha mlango mkubwa. Si kile cha ubao unachokiruka hata ukiwa na usingizi. Hiki ni cha matofali na saruji, kinafika magotini. Bonde la Jangwani si mbali, na masika yakikolea maji hupanda mtaani, yakaingia ukumbini na kugawana vyumba na wapangaji. Miaka tisa iliyopita Fikirini akaanza kuinua vizingiti. Hulipwa shilingi kumi na mbili kwa kimoja, na mpaka leo amejenga thelathini na kimoja.

"Maji hayajavuka hata kimoja," anasema, uso umemng'aa. Na ajisifu, ni haki yake.

Tabu ni kwamba mkewe naye havuki. Bi Sitara alipooza miguu baada ya homa kali mwaka juzi. Chumba chao ni cha mbele, hatua tano tu kutoka barazani. Hujikokota juu ya kigoda chake mpaka kizingitini, na hapo safari inaishia. Uani anafika, lakini uani hapiti mtu wa kusalimiana naye. Kubebwa hataki kusikia.

"Nibebwe kama gunia la mchele, mtaa mzima umekodoa macho? Thubutu!"

Na barazani ndiko alikoishi. Fikirini alipotoka Kisarawe na sanduku lake la zana, alinunua vitumbua kwa msichana mmoja kwenye baraza hii. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa.

"Vitumbua vyenyewe vilikuwa vimeungua," anacheka.

"Muongo huyo!" sauti inatoka ukumbini. "Alikuwa anakula sita sita!"

Siku hizo mtaa ulikuwa mchanga mtupu na mapaa ya makuti. Waendao sokoni wote walipita kwa Bi Sitara, wakamwamkia, wakaulizwa habari za mama zao na mbuzi zao. Fikirini anayasimulia haya huku tindo limesita mkononi.

"Nikitoka kazini nilikuwa naisikia sauti yake tangu pembeni kule. Sasa nakata kona, kimya. Naona kama mtaa si wangu tena, ndugu mwandishi."

Mbona basi hakukivunja mapema? Aliogopa mvua. Chumba cha nyuma amepanga Vitalis, kijana wa Machame auzaye maharage sokoni, na magunia yake yote yamo humo. Maji yakiingia, mtaji wake umekwenda. Fikirini aliona vibaya kumtajia jambo hilo.

Kumbe Vitalis mwenyewe alikuwa akimtazama Bi Sitara pale kizingitini kila siku. Jumapili iliyopita, alipotoka kanisani, akamvuta mzee pembeni.

"Shikamoo, mzee. Kwetu mfereji wa kumwagilia mashamba tunaufunga kwa ubao. Zamu yako ikifika unaunyanyua, maji yanapita. Ukimaliza unaurudisha. Kwa nini mlango usiwe hivyo?"

"Niliona haya, wallahi," anakiri Fikirini. "Miaka yote nacheza na maji, jawabu ananipa muuza maharage!"

Kufikia adhuhuri kizingiti hakipo. Mahali pake pamesimama miimo miwili ya mvule, kila mmoja umechimbwa mfuo, na katika mifuo hiyo unateremka ubao mzito wa mninga. Vitalis anamwaga ndoo ya maji kwa nje. Yanapenya! Fikirini anasonya, anauchomoa ubao, anaushindilia pamba yenye mafuta upande wa chini, anaurudisha. Ndoo ya pili, ya tatu, ya nne. Vitalis anapapasa sakafu ya ukumbi kwa kiganja.

"Pakavu, mzee."

Ubao unanyanyuliwa. Bi Sitara anakuja na kigoda chake taratibu, anapita mlangoni, anatoka. Anaegemea ukuta wa baraza na kutazama juu, chini, juu tena.

"Jua la huku kali," anasema akifuta macho. Baraza bado iko kivulini, lakini hakuna anayemwambia.

Fikirini sasa anataka kuvirudia vile thelathini vilivyobaki. "Nilipokuwa napima milango ile niliuliza maji hufika wapi. Sikuuliza nani anakaa ndani." Anafikiria kuanza na wenye uwezo wa kulipa.

Mkewe anacheka kwa uchungu. "Wewe nenda kwa yeyote, ila si kwa Mwanjaa. Shoga yangu wa miaka ishirini, pale Mtaa wa Sikukuu tu, tangu niugue hajanijulia hali! Urafiki ulikuwa wa vitumbua."

Fikirini anaweka nyundo chini. Bi Mwanjaa ni mkubwa kuliko Sitara, na magoti yake yana ugonjwa wa siku nyingi. Kizingiti cha nyumba yake alikijenga Fikirini mwenyewe, mwaka ule ule wa homa.

"Mama Shaibu," anamwambia mkewe polepole, "kile ndicho kirefu kuliko vyote."

Bi Sitara anaiokota ile nyundo, anamrudishia.

"Basi unangoja nini, baba? Chukua tindo. Na umwambie nimekaa barazani, namngoja."