Kura Bila Vijiti

Kila kiangazi, pale kisimani Balambala, zamu ya kunywesha mifugo ilipigiwa kura kwa vijiti. Kila mfugaji alikata kijiti chake, akakitia alama, akakitumbukiza katika shuka la abti yangu, kaka yake mama. Mpita njia asiyejua kijiti ni cha nani ndiye aliyechomoa. Hakuna aliyeuliza kwa nini shuka ni lile siku zote, walimwamini, basi.

Na mimi, mjuaji, fundi simu wa mtaa wa Galbet, mjini Garissa, nikaona vijiti ni mambo ya kale. Nikachukua bodi ndogo ya kompyuta, ya kutoshea kiganjani, nikaiunganisha na transista yenye mvumo wa umeme ambao hakuna awezaye kuubashiri. Bodi iliusikiliza mvumo huo, ikatoa namba kwenye kioo kidogo. Mwanzoni joto la Garissa liliifanya ipendelee namba fulani. Nikahangaika nayo hadi upendeleo ukaisha. Ilikuwa ya haki. Hata leo naapa.

Abti aliibeba mwenyewe hadi kisimani, meno yote nje. Kila mtu akapewa namba yake. Abti akabonyeza, ikatoka ya kwake. Watu wakacheka.

Kesho yake akabonyeza tena. Ikatoka ya kwake tena.

Safari hii hakucheka mtu. Nikasimama kueleza kwamba bahati ya kweli haikumbuki ya jana, hujirudia ikitaka. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nyuso zilivyozidi kukunjamana. Mfugaji mmoja akanikatiza: "Wewe nasema maneno mingi. Hii mashine inajua abti yake."

Abti aliwaondoa mbuzi wake hodhini, vichwa vimeshainama kunywa, akawaswaga hadi mwisho wa foleni. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena.

Jioni nilimwomba radhi. "Abti," akaniita, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, "mashine yako haikusema uongo. Lakini kijiti mtu anakikata mwenyewe. Akikosa, hana wa kumlaumu."

Laiti ningemuuliza hayo kabla sijashika waya.

Kiangazi hiki nimekwenda tena. Vijiti vimerudi. Abti alikata chake, akakitia alama, akangoja zamu yake mstarini, kisha akakitumbukiza katika shuka la mtu mwingine.