Yai Nililomnyima Kaka

Mimi ni mtu wa hasira, na utumbo mgonjwa haukunipunguzia. Daktari aliponipandisha kwenye mizani mara ya tatu akatikisa kichwa, nilimjibu vibaya: "Sasa unataka nifanye nini, nimeze mawe?"

Hakukasirika. Akanieleza tena, taratibu, kwamba kinga ya mwili wangu inaushambulia utumbo wangu wenyewe, una uvimbe na vidonda visivyokwisha, na sehemu moja imebana mpaka inabidi ikatwe. Lakini hanipasui nikiwa hivi. Mwili usio na akiba hauponi vizuri, mshono unaweza kuachia. Alinipa wiki sita niongeze uzito. "Kuna chakula unachojinyima?" akauliza.

Vyote, nusura nimwambie. Nilianza kuacha maharage, kisha maziwa, karanga, nyama, mayai. Kilichoniuma siku moja nilikifukuza moja kwa moja. Nilibaki na uji mweupe na chai ya rangi, tena najisifu kwamba najitunza.

Sikuyavumbua mimi. Kwetu Igalula tumbo ndivyo linavyotibiwa. Babu yake mama alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kwa miguu hadi pwani, na njiani mwenye kuharisha damu alipewa uji mwepesi tu, tumbo lipumzike. Familia ikaishika kanuni hiyo kama dini. Siku hizi njia ile wanapita watu wa treni, wapagazi hawapo tena, ila uji wao tunao.

Kaka yangu aliunywa karibu mwaka mzima.

Tumbo lake lilianza kama langu. Mama akiondoa chakula kimoja, kaka anapata nafuu siku mbili, mama anaamini, anaondoa kingine. Mimi ndiye niliyempelekea bakuli. Mchana mmoja kuku alikuwa ametaga uani, anapiga kelele zake, kaka akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Mdogo wangu, nichemshie hilo yai. Mama hatajua."

"Wee kaka, unataka kujiua?" nikamwambia, nikamsogezea uji. Akageukia ukutani. Hakuniomba tena kitu, na kabla mahindi hayajakauka shambani tulimzika. Jeneza lilikuwa jepesi hata waliolibeba walitazamana.

Tangu hapo kuku akitaga popote, hata huku mjini Kanyenye kwa majirani zangu, namsikia kaka. Na wala sitii chumvi. Namsikia anavyovuta pumzi kabla ya kuomba. Ninaogopa, jamani, mtu mzima na akili zangu.

Mtaalamu wa lishe pale hospitali alinipangia wali laini, ndizi mbivu, samaki asiye na miiba, mayai mawili kila siku, nile kidogo kidogo mara sita. Maharage na mahindi ya kuchoma yasubiri, kwa sababu ya pale palipobana. Yasubiri, akarudia, sijasema uyaache moja kwa moja. Na chakula kikiniuma, nimwambie kwanza kabla sijakiacha.

Mama akaja kwa treni kuniuguza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Loo, umekwisha!" Akaona trei ya mayai mezani, uso ukamkunjamana. Akafungua furushi lake, akatoa unga mweupe wa uji.

Hasira zikanipanda. "Mama, uji huo ndio..." Nikisema uji ndio uliomuua, aliyeupika ni nani, na aliyeupeleka ni nani?

Nikamweleza maneno ya daktari tu, habari ya mizani, mshono na wiki sita. Alisikiliza huku akifunga na kufungua pindo la kanga. Kisha akainuka, akachemsha mayai mwenyewe, akaliponda moja kwa chumvi kama alivyotupondea utotoni. Nilikula nikisubiri maumivu. Yalikuja kidogo, yakapita.

Ndivyo tulivyoishi wiki zile, yeye akichemsha, mimi nikila. Furushi la unga lilikaa kabatini, hakuna aliyeligusa. Wiki ya sita daktari alitazama mizani, akatabasamu, akanipangia siku ya kulazwa.

Siku moja kabla, mchana, mama alikuwa amekaa na yai mkononi, ameshalimenya, halipondi.

"Kaka yako," akasema bila kunitazama, "aliwahi kukuomba chakula nikiwa sipo?"

Uani kwa jirani kuku alianza kelele zake. Nikasikia ile pumzi, karibu kabisa na sikio langu.

"Hapana, mama," nikasema. "Hakuwahi."

"Afadhali," akasema, machozi yakamtoka. Akaniwekea yai kiganjani, nikalila lote.