Fahali Aliyelala Kila Jumatatu

Pikipiki ya marehemu ilikuwa imelala chini. Tena.

Sijasema imeanguka. Kitu chenye uzito wa wanaume wanne walioshiba kikianguka kinapasua kioo, kinakunja mkono wa breki, kinachimba sakafu. Hii ilikuwa imelazwa ubavu, taratibu, kama mtoto aliyesinzia sebuleni akabebwa hadi kitandani.

Mlango umefungwa. Madirisha yamefungwa. Mlinzi wa getini anaapa kwa macho yake yote mawili, moja likiwa na ukungu, kwamba hakupita hata paka.

Mimi ni mstaafu sasa. Kazi yangu ni kunywa chai na kubishana na taarifa ya habari. Mtaani wanasema hadithi zangu zina chumvi nyingi. Sawa. Hii nayo ionjeni kwanza, halafu mseme.

Nilikuwa mkaguzi wa mwisho katika kiwanda kikongwe cha pikipiki. Kabla pikipiki haijatoka getini, lazima niikalie, niizungushe uwanjani, niisikilize inavyokohoa. Tulitengeneza aina moja tu tangu enzi na enzi: kubwa, nyeusi, nzito. Sisi wafanyakazi tuliiita Fahali. Ukimwasha hapa, mtaa wa pili wanashika vikombe.

Mwasisi wa kiwanda alishafariki. Fahali wake wa kwanza tulimweka kwenye chumba cha maonyesho, na kando yake, msumarini, koti la ngozi la marehemu.

Juu ya mlango kuna maneno aliyochonga kwa mkono wake: ASIYEWEZA KUMWINUA ASIMPANDE.

Msidhani ni pambo. Mteja akija kuchukua pikipiki yake, tulimlaza Fahali chini mbele yake, amwinue peke yake. Akishindwa, anarudishiwa pesa zake na kupewa kikombe cha chai. Nimeshuhudia midume yenye shingo nene kuliko paja langu ikitoka pale inafuta machozi.

Ilikuwa fahari yetu. Baadaye ikawa kaburi letu.

Wateja walizeeka. Waliomwinua jana, leo wanashindwa kuinua mjukuu. Vijana wakija wanamzunguka, wanampiga picha, wanauliza, "Huyu hana mdogo wake?"

Hana.

Wanaondoka. Ghala likajaa mafahali, na sisi tukaanza kufanya kazi nusu wiki.

Mwenyekiti alikuwa mtoto wa marehemu. Tulimwita Mzee Chuma. Nyumba yake iko nyuma ya kiwanda, ukuta wake umegusana na chumba cha maonyesho. Ana mtoto mmoja, binti, mhandisi, mfupi, mwembamba, mbishi kama msumari wenye kutu.

Huyo binti alijichimbia kwenye kona ya karakana na mafundi wachache, akaja kutoka na pikipiki ndogo. Nyepesi, kiti kiko chini, inaondoka bila kelele.

Tukaiita Ndama.

Siku Mzee Chuma alipomwona Ndama, karakana nzima ilizima mashine kusikiliza.

"Babu yako alijenga fahali," akasema. "Tangu lini fahali akazaa ndama?"

"Kumbe mafahali wengine waliokotwa, Baba?"

Tukacheka. Kosa kubwa. Mzee akatugeukia, na kicheko kikafa mdomo baada ya mdomo.

"Jina kubwa haliuzwi rejareja."

"Na jina haliliwi. Watu hawanunui, Baba. Hawawezi kumwinua."

"Wasioweza wakatembee kwa miguu!" Akamnyooshea Ndama kidole. "Siku ya Mwasisi nitamwinua Fahali wa baba yangu mbele ya wateja na wenye hisa, kama kila mwaka. Nikishamwinua, hiki kitoto chako kinakatwa vipande palepale."

"Kikikatwa, na mimi naondoka."

Hakuwa anatania. Kiwanda kingine kilishamwita. Na bila Ndama wala binti, kufuli lilikuwa linakuja getini. Hilo hata mlinzi mwenye ukungu jichoni aliliona.

Jumatatu iliyofuata, Fahali akaanza kulala.

Mtunza ghala wetu tulimwita Redio, kwa sababu Mungu alimuumba bila kitufe cha kuzima. Yeye ndiye aliyelisema kwanza.

"Marehemu amegoma," akasema. "Hataki kitoto."

Tukamcheka. Lakini kacheke ukiwa umesimama mle ndani, uone. Usukani wa Fahali ulikuwa umekunjwa upande mmoja hadi mwisho, kama mnyama aliyevunjwa shingo.

Na lile koti la msumarini? Nililigusa mimi mwenyewe, kwa kidole hiki ninachoandikia.

Kwapani lilikuwa limelowa jasho.

Tulimwinua Fahali tukiwa watatu, tukafunga mlango. Jumatatu iliyofuata, kalala. Nyingine, kalala.

Mambo yakawa si mambo. Mnyororo wa kunyanyulia ukakatika juu ya Ndama, ukamkosa fundi kwa upana wa kiganja. Fundi wa kuchomelea akaungua mkono akiwa anafunga tangi lilelile la Ndama. Basi, watu wakaweka spana chini. Wakipita karibu na Ndama wanapinda njia kama wanaopita mbele ya nyumba yenye mbwa.

Na Siku ya Mwasisi inakaribia.

Sasa mimi na mdomo wangu. Tuko kantini, nikajisahau.

"Fahali nimemkalia maisha yangu yote," nikasema. "Leo nimwogope akiwa amelala?"

Redio akaweka kijiko chini. "Basi Jumatatu, kabla ya king'ora, kamsalimie. Tutakuchangia sanda, mzee mwenzangu. Ungependelea rangi gani?"

Kantini ikavunjika mbavu.

Mara ufunguo ukatua mezani mbele yangu. Nikageuka. Binti wa Mwenyekiti yuko nyuma yangu na sahani yake.

"Asante, mjomba," akasema. "Nilijua utajitolea."

Mdomo huu unaniponza tangu ulipoota meno.

Jumatatu ikafika, maana siku mbaya hazichelewi. Kumeanza kupambazuka, kiwanda kimya. Nikaingiza ufunguo. Mlango ukafunguka bila kulia, na hilo likaniudhi, maana mlango ule hulia siku zote. Kumbe kuna mtu aliupaka mafuta.

Kitu cha kwanza kilikuwa harufu. Petroli. Mzee alishaagiza tangi la Fahali lijazwe kwa ajili ya sherehe.

Cha pili kilikuwa pumzi.

Hhh... Hhh...

Inatoka chini. Kwenye sakafu. Nzito, ya mtu mzima anayehema kama amebeba mlima.

Nikanyoosha mkono ukutani kutafuta swichi.

"Usiwashe taa."

Jamani.

Ilikuwa sauti ya marehemu. Siwezi kuikosea, ndiyo iliyoniajiri. Goti moja likasema tukimbie, la pili likasema tukae, nikabaki pale mlangoni nimening'inia kama nguo kwenye kamba.

"Na... nani?"

"Usiwashe taa, mpumbavu wewe! Petroli imemwagika! Cheche moja tu, tunazolewa kwa beleshi!"

Hapo moyo ukarudi mahali pake. Marehemu hakuwahi kuniita mpumbavu. Aliyeniita hivyo kila wiki alikuwa mwanawe.

Mwanga wa dirishani ukaniletea picha kidogo kidogo. Kwanza koti la ngozi. Halafu kichwa cheupe. Halafu Fahali, ubavuni, na chini ya Fahali, mguu wa Mzee Chuma. Mfuniko wa tangi ulikuwa unavuja. Petroli imemlowesha suruali, imechora mstari sakafuni, na mstari unatambaa kuelekea chini ya mlango wa upande wa pili.

Mlango wa upande wa pili ni wa karakana ya kuchomelea.

Pale, king'ora kikilia, moto unawaka. Ndiyo kazi yao.

"Mzee," nikasema, "nani kakufanyia hivi?"

"Ukimwambia mtu, nakufukuza kazi."

"Nikikuacha hapo, Mzee, atakayenifukuza nani?"

Kisha akasema kitu ambacho sikuwahi kumsikia akisema kwa sauti ile. Ndogo.

"Kumlaza naweza. Nilitaka kujua kama bado namwinua kabla ya sherehe. Kila Jumatatu namlaza. Kila Jumatatu..."

Hakumalizia. Ikabidi nimalizie mwenyewe kichwani: ufunguo anao, mafuta ya mlango ni yake, na jasho la kotini ni lake. Usukani uliokunjwa haukuwa shingo iliyovunjika. Ndivyo unavyoukunja ukijiandaa kumwinua Fahali, nami niliwafundisha wateja hivyo miaka yote! Nimekaa naogopa somo langu mwenyewe.

Nikashika kishikio. Nikavuta. Kiuno kikalia kama bawaba. Fahali hakunipa hata heshima ya kutikisika.

"Vuta!" akasema Mzee.

"Navuta!"

"Huo ndio uvutaji?"

"Njoo uvute wewe basi!"

Wazee wawili, pikipiki moja, na petroli inatembea.

"Nikaite watu?" nikauliza.

"Mwite mtu yeyote," akasema, na akanishika kifundo cha mguu. "Yeyote. Usimwite binti yangu."

"Binti yako yuko hapa, Baba."

Alikuwa mlangoni. Sijui tangu saa ngapi. Aliweka simu yake nje, akaja, akampa Fahali mgongo, akachuchumaa, mkono mmoja usukanini, mwingine nyuma ya kiti. Akarudi kinyumenyume, hatua ndogo ndogo, kama anasukuma mlango kwa makalio akiwa amebeba sufuria.

Fahali akainuka.

Nikamvuta Mzee kwa makwapa ya koti.

"Mjomba, wachomeleaji!"

Sikumbuki kufungua mlango. Nakumbuka kwamba nilikimbia namna ambayo sijakimbia tangu siku mama mkwe aliponikuta dirishani. Mikono juu, napiga yowe, "Msiwashe! Msiwashe!" Mmoja alishavaa kinyago, bomba mkononi.

King'ora kikalia nikiwa nimemkumbatia.

Niliporudi, madirisha yako wazi, mchanga umemwagwa. Wamekaa sakafuni wote wawili, mgongo ukutani. Kifundo cha Mzee kimevimba kama boga. Anatazama yale maneno juu ya mlango.

"Kwa sheria ya babu yako," akasema, "huyu sasa ni wako."

"Simtaki."

"Umemwinua."

"Namwinua tangu nasoma sekondari, Baba. Ulikuwa ukilala mchana."

Mzee akageuka. Ukali ukamrudia kidogo. "Basi kama unamweza, hicho kitoto cha nini? Umewatengenezea akina nani? Vijana? Wavivu?"

Binti akatazama kile kifundo.

"Kila Jumatatu nilikuwa nje ya mlango huu. Nasikia unavyohema. Nikasema, nikiingia utakufa kwa aibu. Ndiyo maana leo nikamtuma mjomba, mzee mwenzako." Akafuta mkono wenye petroli kwenye gauni lake. "Ndama nimekutengenezea wewe, Baba. Urefu wa kiti niliupima kwenye suruali yako. Ile ya kijivu uliyodhani dobi ameipoteza."

Nikasikia mchanga ukinywa petroli.

"Nilimfukuza yule dobi," akasema Mzee.

"Najua. Yuko kwangu, anapaka Ndama rangi."

Siku ya Mwasisi, Mzee Chuma alikuja na fimbo. Wateja wa zamani wamejaa, wenye hisa mstari wa mbele, na kando ya Ndama msumeno wa chuma uko tayari, maana hakuna aliyekuwa ameambiwa uondolewe. Mimi na wenzangu tulikuwa nyuma, hatupumui.

Alisimama mbele ya Fahali wa baba yake muda mrefu. Akampapasa tangi. Kisha akampita.

Akaweka fimbo chini. Akamlaza Ndama ubavu, polepole. Akampa mgongo, akachuchumaa, akarudi kinyumenyume.

Ndama akainuka.

"Asiyeweza kumwinua asimpande," akasema, jasho linamtiririka. "Sheria ni ileile. Nimempata ninayemweza."

Aliyeanza kupiga makofi alikuwa mteja mmoja mwenye mvi, mkono mmoja kiunoni.

Kiwanda hakikufungwa. Pensheni inayoninunulia chai ni matunda ya Ndama, nisiwafiche. Na walionunua wa kwanza hawakuwa vijana. Walikuwa wazee walewale wa Fahali, wanakuja mmoja mmoja, wanasema wanamnunulia mpwa.

Mngesema hadithi imeisha. Na mimi nilisema hivyo.

Lakini Jumatatu moja baadaye, Mzee na binti yake wako safarini, mbali, wanaonyesha Ndama kwa wateja wapya, tukafungua chumba cha maonyesho.

Fahali amelala chini.

Usukani umekunjwa hadi mwisho. Koti limelowa kwapani.

Nywele zilinisimama, chache nilizobaki nazo. Tukatazamana. Hakuna aliyevuka kizingiti.

Ndipo Redio akaingia kazini, amechelewa, amepinda kama ndoano, mkono kiunoni.

"Vipi, mzee mwenzangu?"

"Nimelala vibaya."

"Umelala na nani? Na Fahali?"

Siku hiyo Redio alizimika mwenyewe. Ningemcheka hadi jioni, ila mimi nacheka kwa tahadhari, kuna upande wa kiuno changu haujapona tangu Jumatatu nyingine ambayo hainihusu kuisimulia hapa.

Ninachowaachia ni hiki. Ukiona mtu mzima anakidharau kitu kidogo kwa kelele nyingi, usibishane naye. Inama umtazame miguu. Huenda kikubwa kimemlalia, naye anaona haya kuita.