Picha Iliyokwenda Matiri

Jumapili iliyopita, baada ya misa hapa Mbinga, tulipiga mnada wa mavuno: maboga, jogoo na, safari hii, picha ya rangi ya wanawake wakianika dagaa Liuli. Mwalimu aliyeichora aliitoa sadaka.

Mama mmoja, mkulima wa kahawa kutoka Matiri, alimshinda ofisa wa wilaya kwa bei. Tukapiga makofi, tukamsubiri airudishe. Kwetu mnunuzi hurudisha kitu mezani kiuzwe tena, kanisa lipate zaidi.

Mama akaanza kuifunga picha kwa kitenge.

“Shikamoo mama,” ofisa akasema kwa upole. “Hiyo irudishe. Inafaa sebule yenye makochi.”

“Marahaba. Jogoo niliyemnunua nimemrudisha. Hii hairudi.”

“Sasa kwenye nyumba ya udongo utaitundika wapi?”

“Ukuta ninao, mwanangu. Na macho ninayo.”

Akajitwika picha yake, akaondoka.

Siku hizi tunaimba soko huria, kila mtu anunue apendacho. Kumbe tulimruhusu mkulima mitumba na redio tu.

Nilipofika nyumbani nilitazama ukuta wangu. Una kalenda ya mbolea ya mwaka juzi. Makochi ninayo.